Bastola Iache Ghalani, Mwanangu

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, msimu wa karafuu umeanza na mikono ya mama yako imeshageuka rangi kwa kuchambua.

Tangu unipigie juzi sijapata usingizi. Umenunua bastola yako na unataka kumwomba kamanda ruhusa ya kutembea nayo kambini kwenu, huko Texas, Marekani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tulianza kupandishiana sauti.

Hofu yako naijua ilikotoka. Tarehe 5 Novemba 2009, hapo hapo Texas, kambi ya Fort Hood, meja wa jeshi aliua watu 13. Wanajeshi mle ndani walikuwa mikono mitupu, na waliomzima ni polisi wa kambi. Ukaniambia, "Baba, sheria ilimfunga mwema, mbaya akaingia na bastola ya dukani." Ni kweli, hapo sikupingi. Na baada ya wale wanamaji kuuawa Chattanooga, Julai 2015, Pentagon, wizara ya ulinzi ya huko, ilitoa mwongozo Novemba 2016: kamanda anaweza kumruhusu askari, kwa maandishi, abebe silaha yake binafsi kwa kujilinda. Kwa hiyo unaloomba lina njia yake.

Lakini mimi nimevaa magwanda miaka 22. Kwetu Visiwani ghala la silaha halifanyiwi mchezo; Januari 1964 wanamapinduzi walianzia maghala ya polisi, Ziwani na Mtoni. Kila jioni tulirudisha bunduki, mlinzi wa ghala anasoma namba, anatia alama daftarini. Jioni moja mwenzangu alichelewa. Kakaa kitandani anaisafisha yake, magazini keshaitoa, risasi moja kaisahau chemba. Ilifyatuka, ikatoboa mlango, ikapita kwenye ndoo ya maji niliyobeba. Nilibaki nimesimama, maji yananimwagikia miguuni kwa matundu mawili. Yule hakuwa adui wala mlevi. Alikuwa rafiki yangu, amechoka. Mtume (SAW) alitukataza hata kumuelekezea ndugu chuma, na siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini.

Na hiyo Fort Hood iangalie tena. Muuaji alivaa sare ile ile ya waliokufa. Wangechomoa bastola watu kumi mle ndani, polisi aingiaye mbio angemjuaje wa kumpiga? Wewe, kijana wangu, ungesimama na bastola mkononi, naye hakujui.

Bado sijasema linalonikosesha usingizi. Mwezi uliopita uliniambia hulali, chakula hakipiti, unakaa peke yako mpaka alfajiri. Baba yako hakusahau. Sitaki bastola iwe karibu nawe usiku wa namna hiyo. Ghala lina kufuli, lina daftari, lina mtu atakayekuuliza waitakia nini, na mimi nataka uulizwe. Kamuone daktari wa kambi kwanza, umwambie kama ulivyoniambia mimi.

Ukishapona ukaona bado waihitaji, omba ruhusa na barua yake uishike mkononi. Usiiingize kimya kimya, hiyo ni kesi.

Ukitoka kwa daktari nipigie. Usiku wenu huku ni asubuhi. Nitakuwa nje naanika karafuu, simu ninayo mfukoni.

Baba yako