Fimbo siyo iliyowafundisha makarani wa kale

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kwamba shule zimesimama juu ya viboko tangu enzi za Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraki ya leo, na Wamisri wa kale, na kwamba kumzuia mwalimu wa leo asichape ni kumpokonya urithi huo. Nimefundisha historia katika sekondari za hapa Tabora hadi kustaafu, na sikubaliani naye.

Fimbo ilikuwapo, hilo silikatai. Wamisri walisema sikio la mvulana liko mgongoni, naye husikia anapopigwa. Katika utungo mmoja wa Kisumeri, mwanafunzi anasimulia alivyochapwa kwa kuzungumza, kwa kusimama bila ruhusa na kwa mwandiko mbaya. Lakini utungo huohuo unaeleza kwamba baada ya kipigo hicho mtoto aliuchukia ukarani, na mambo yakabadilika pale tu baba yake alipomwalika mwalimu nyumbani, akamlisha, akamvisha nguo mpya na pete. Zawadi hizo sizitetei. Nasema tu kwamba viboko havikuzaa matunda hata katika simulizi lao wenyewe.

Ushahidi mkubwa zaidi umo katika udongo. Mwaka 1951 na 1952 waakiolojia kutoka Marekani walichimba nyumba ndogo katika mji wa Nippur, kusini mwa Iraki ya leo, wakakuta vipande vipatavyo 1,400 vya vibao vya udongo, vingi vikiwa kazi za wanafunzi wa karne ya 18 KK. Watoto hao walikuwa wakijifunza Kisumeri, lugha ambayo wakati huo haikuwa tena ya nyumbani kwa mtu yeyote, jambo ambalo mwalimu wa Tabora anayefundisha kwa Kiingereza atalielewa upesi. Walianza kwa alama za kabari moja moja, zilizobonyezwa kwenye udongo, wakaenda kwenye silabi, majina ya watu, orodha ndefu za miti na vyombo vya mbao, hesabu, mifano ya mikataba na methali, ndipo wakafikia tungo ndefu. Kwenye vibao vingine mwalimu aliandika mfano upande wa kushoto, na mwanafunzi akanakili kulia, akafuta, akanakili tena, hadi udongo wa upande wake ukawa mwembamba kuliko ule wa mwalimu. Wembamba huo ndio uliomfanya mtoto kuwa karani.

Huko Roma nako, katika karne ya kwanza BK, mwalimu Quintilian alipinga waziwazi kuchapa wanafunzi, akieleza kwamba mtoto anayesimamiwa kwa karibu katika kazi yake hahitaji kupigwa.

Nami niliishika fimbo kwa miaka mingi, na ninajua niliinyanyua zaidi katika madarasa ambayo sikuweza kukagua madaftari yote. Kama msomaji huyo anautaka urithi wa kale, na aungane nami kudai madarasa yenye idadi ya watoto ambao mwalimu anaweza kumwandikia kila mmoja mfano wa kunakili.

Mwalimu mstaafu,
Ng'ambo, Tabora