Mwanangu, hukumu imekwisha kupita

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Bukoba hatujambo, mvua zinanyesha vizuri, na mama yako anakusalimu sana wewe na mjukuu wetu.

Amenisomea ujumbe wako. Unasema kanisani unakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na watu wakianza kwenda Mezani wewe unambeba mtoto mgongoni unatoka nje. Hilo nalielewa, maana usharika umekuweka chini ya marudi, yaani umezuiwa kwa muda kushiriki Meza ya Bwana. Lililoniumiza ni lile la mwisho, kwamba hata kuomba umeacha kwa sababu Mungu naye amekwisha kukuhukumu. Hapo nisikilize, mwanangu.

Marudi ni utaratibu wa wanadamu wanaojitahidi kulitunza kundi. Pengine wanaufanya vizuri, pengine vibaya. Kwako wameufanya vibaya, nalisema wazi: wewe ulisimamishwa mbele ya watu, na kijana mliyekosa naye bado anaimba kwaya. Hata Torati haikuwa hivyo. Walawi 20:10 inawataja wote wawili, mwanamume na mwanamke. Ndiyo maana kila nikisoma Yohana sura ya 8 najiuliza yule mwanamume alikuwa wapi. Walisema mwanamke amefumaniwa, lakini walimleta hekaluni peke yake. Na pale palipokuwa na mmoja tu aliyestahili kurusha jiwe, Yesu mwenyewe, huyo ndiye aliyesema, "Wala mimi sikuhukumu. Enenda zako; wala tangu sasa usitende dhambi tena." Hakumtuma kwanza akajirekebishe ndipo arudi kusamehewa. Alimfungua, kisha akamwonyesha njia. Wewe unataka kuanzia mwisho, unangoja utakate ndipo uombe.

Tena usidhani Mungu aliifumbia macho dhambi yako. Dhambi ilihukumiwa, na adhabu ikampata Kristo msalabani. Kwa sababu ilimpata yeye, haiwezi kukurudia wewe. Mtu aliyelipiwa deni dukani, jina lake likakatwa kwenye daftari, hana sababu ya kupita njia ya nyuma kumkwepa mwenye duka.

Soma Warumi 7 hadi 8 bila kupumzika katikati. Kwenye 7:24 Paulo analia, "Ole wangu, maskini mimi!" Mistari michache mbele anaandika kwamba hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu. Sura tunazoziona ziligawanywa karne ya 13. Paulo alipokuwa akisema, naye Tertio mwandishi wake akiandika, maneno hayo yalifuatana tu. Hakupata kwanza muda wa kuwa mtu mwema. Aliyelia ndiye huyo huyo aliyejua kwamba hana hukumu.

Na uzima wa milele usiuweke mbali, kana kwamba ni habari za siku ya kuzikwa. Katika Yohana 5:24 Bwana anasema anayelisikia neno lake na kumwamini aliyempeleka "yuna uzima wa milele, wala haingii hukumuni, bali amepita kutoka mautini kuingia uzimani." Amekwisha kupita. Uzima huo unao leo, unapomnyonyesha mtoto usiku na kufua nepi, na hata hapo kwenye benchi la nyuma.

Bibi yako, mama yangu, alikuwa mtu wa Uamsho, ule mwamko wa toba kanisani ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika mpaka huku kwetu. Nikiwa mdogo alinichukua kwenye ushirika wao. Mtu alisimama akaitaja dhambi yake kwa jina, bila kuizungushia maneno: niliiba kahawa ya shemeji, nilimchukia mke mwenzangu. Akimaliza, hawakukaa kimya wakimtazama. Waliinuka wote wakaimba Tukutendereza, wimbo wao wa sifa, wakamkumbatia. Walikuwa wakali sana juu ya dhambi wale wazee, wakali kuliko wazee wa kanisa wa siku hizi, lakini aliyetubu hakurudi nyumbani na mzigo wake. Natamani ungewaona.

Kuna watakaokuambia kwamba neema ikihubiriwa hivi vijana wataharibika. Paulo naye aliulizwa kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, akajibu, "Hasha!" Mimi nakujua. Hofu ndiyo inayokufukuza kanisani, na mtu aliyekimbia kanisa hapati nguvu za kuishi vizuri. Ulipokuwa ukijiandaa kwa kipaimara ulikariri Katekismo jikoni huku ukimenya ndizi, ukisema kwamba kwa akili yako wala kwa nguvu zako huwezi kumwamini Yesu wala kumjia, bali Roho Mtakatifu ndiye aliyekuita. Aliyekuita hajakuita kwa makosa, wala hakushtuka uliposhika mimba.

Moyo wako utaendelea kukushtaki, hasa usiku. Ukianza, ujibu kwa 1 Yohana 3:20: Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Kisha omba, hata kama ni sentensi moja.

Nimeongea na mchungaji wako kwa simu. Amenikubalia tarehe ya kurudi kundini ipangwe mapema mwezi ujao, na habari ya yule kijana nimemwambia bila kumung'unya maneno. Ameahidi kuipeleka kwa wazee. Nitapanda basi nije. Utakapoitwa mbele nitasimama pembeni yako, na mtoto nitambeba mimi.

Baba yako akupendaye.