Barua kwa Mwanangu: Karani na Aandike

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku Malindi wazima, alhamdulillahi. Goti la mamako limepata afueni na ameanza tena kunikemea, basi ujue nyumba imetulia.

Simu yako ya juzi nimelala nayo na nimeamka nayo. Ami yako amekupigia mara tatu kwa siku mbili kuhusu ule mswada wa kudhibiti mashirika ya kidini uliofikishwa Seneti 2024. Anataka umwonyeshe hotuba unayomwandikia bosi wako seneta, na ikiwezekana utie kijisentensi cha kuzinusuru madrasa. Ukaniuliza, "Baba, kwani si dini yetu?" Kisha ukanyamaza, nikawa nasikia kijiko chako tu kikigonga kikombe. Sikukujibu palepale kwa sababu kwenye simu mimi hupiga kelele.

Wajua nilikuwa karani wa korti ya kadhi. Hili la leo sijakusimulia. Kabla hujazaliwa, huko nilikohamishiwa, alikuja mama mmoja kudai masurufu ya wanawe. Hakujua kusoma. Alisema mume hajaleta hata senti kwa miezi kumi na minne, nami ndiye niliyekuwa nikiandika. Yule mume tukiswali safu moja alfajiri, bega kwa bega. Mkono wangu ukaandika "miezi kadhaa". Nikajiambia sijasema uongo, na kweli neno lenyewe halikuwa la uongo.

Siku ya kesi kadhi akauliza kadhaa ni mingapi. Mume akasema mitatu. Mama akasema kumi na minne, lakini karatasi haikuwa upande wake, kesi ikaahirishwa mwezi mzima. Aliposimama kuondoka niliona miguu yake chini ya meza: kandambili moja ya buluu, moja nyekundu, zote za kushoto.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda kwa kadhi nikamweleza nilichofanya. Hakunifokea. Alinisukumia jalada akasema, "Andika upya." Kisha akanisomea aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ile ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Nilikuwa nimeihifadhi tangu chuo cha Qur'ani na sijawahi kuisikia. Ni aya ya deni na karani: mwandishi aandike kwa uadilifu, asikatae kuandika kama Mwenyezi Mungu alivyomfundisha. Na mwisho wake inakataza mwandishi kudhuriwa. Hapo huwa natabasamu, maana Mola alijua makarani watasumbuliwa na ami zao.

Sasa wewe ni karani kuliko nilivyokuwa mimi. Unayoyaandika yanasemwa kwa kinywa cha mtu mwingine na kuingia Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, kwa jina lake. Kwenye mambo yanayohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja tu Seneti, arubaini na saba kwa jumla, na hiyo moja ni ya wanaoswali na wasioswali pia.

Tena wewe hasa huwezi kusahau mswada huu ulikotoka. Ulikuwa hapa 2023. Uliona magari yakiingia mjini kutoka msitu wa Shakahola, na mamako akifunga dirisha kila yalipopita. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule. Seneti ikaunda kamati, Danson Mungatana wa Tana River akaiongoza. Wale waliokaa na njaa hadi kufa, na watoto wao, nao waliambiwa ni dini. Ami yako akisema dini isiguswe, muulize hao anawaweka wapi.

Lakini na yeye msikilize. Mapasta na maimamu wanaoogopa serikali isije ikaamua nani ahubiri na nani asihubiri hawaogopi kivuli. Katiba yenyewe, Ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa, na ya 32 inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Mwandikie seneta hofu hiyo kwa nguvu zake zote, na Shakahola kwa nguvu zake zote. Akishachagua upande, hata kama si wako, mwandikie vizuri. Yeye ndiye aliyepigiwa kura. Ila siku atakayokwambia uandike "kadhaa" mahali pa kumi na minne, weka kalamu uje nyumbani. Chumba chako kipo, ingawa mamako amekijaza magunia ya nazi.

Kuhusu ami, niachie mimi. Rasimu ya bosi wako ni amana, haonyeshwi mtu, awe ami awe mufti. Ibara ya 118 inalitaka Bunge lishirikishe wananchi, basi naye ni mwananchi: aandike maoni yake ampelekee Karani wa Seneti kama wengine. Nitamfuata leo baada ya Isha. Atanuna, kisha ataniomba nimwandikie, maana hati yake hata yeye mwenyewe haisomi. Nitamwandikia alivyosema, bila kuongeza la kwangu, japo kuhusu hizo madrasa nina langu.

Swala nayo: najua vikao vya saa nane u nusu vinaikuta alasiri waheshimiwa wakiwa katikati ya mabishano. Omba ruhusa waziwazi, toka, swali, rudi kwenye karatasi zako.

Mamako amempa dereva wa basi la usiku chupa mbili za achari ya maembe. Moja ni yako, moja ni ya yule mwenzio Mkatoliki mnayegawana meza. Amesema ya mwenzio ndiyo yenye pilipili kidogo, usije ukazibadilisha.

Ni mimi babako.