Shampuu "rafiki wa mazingira": usidanganywe na picha ya jani, uliza nani kakagua

Wateja wetu wengi siku hizi wanatuuliza brandi gani ya nywele ni safi kweli, haitesi wanyama na haiharibu mazingira. Kwanza niseme hili, neno "asilia" kwenye chupa sisi hata hatulihesabu, kampuni yoyote inaweza kuliandika.

Halafu watu wanachanganya vitu viwili. Shampuu ya vegani maana yake haina kitu cha mnyama ndani, yaani asali, nta ya nyuki, keratini ya mnyama, basi, haikwambii kama ilijaribiwa kwa wanyama au la. Hapo tafuta alama ya Leaping Bunny, yule sungura anayeruka, maana hao wanafuatilia mpaka wanaoiuzia kampuni malighafi. Na sio sungura yeyote tu, kampuni zingine zinajichorea wa kwao!

Sasa tukilinganisha. Aveda ina hiyo alama na bidhaa zake zote zikawa vegani mwaka 2021, lakini tangu 1997 iko chini ya Estée Lauder, kampuni kubwa ya vipodozi ambayo si brandi zake zote zina alama hiyo, kwa hiyo kama unajali pesa yako inaishia kwa nani hilo lijue mapema. Ethique ya New Zealand ilianza 2012 na shampuu za kipande kama sabuni, hakuna chupa ya plastiki kabisa na hausafirishi maji, maana shampuu ya chupa sehemu kubwa ni maji tu. Lush nao wana vipande vizuri na wanapinga majaribio ya wanyama miaka mingi, ila baadhi ya bidhaa zao zina asali, na vipande vyao vingi vina sodium lauryl sulfate, yaani kemikali kali ya kutoa povu na kuondoa mafuta, povu linajaa kweli lakini nywele kavu au za kipilipili zinaweza kukauka zaidi, kwa nywele hizo sisi tungeanza na kitu laini zaidi hata kama sifa zingine zote ziko sawa.

Mafuta ya mawese nayo yamejificha kwenye povu la karibu kila brandi, angalia kama wametaja RSPO, yaani alama ya mawese yanayozalishwa kwa kujali misitu na mazingira.

Na maji ya moto jamani, kuyachemsha kunakula nishati nyingi kuliko watu wanavyodhani, vuguvugu yanatosha.

Kama unayo chupa nyumbani imalize kwanza, usiitupe. Ukitaka kubadilisha tutumie picha ya lebo ya nyuma, tutaisoma pamoja.