Pembe kumi za katekista

Baba Kulwa, ndugu yangu,

Mwangaluka, au mwadila, kutegemea barua imekukuta saa ngapi huko Ukerewe. Sisi wazima. Mvua tu ndiyo imetuzidi, njia ya kupandia kwetu imegeuka makorongo. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa mzee, nisamehe, hilo tutaongea ukija. Leo nina la haraka.

Mtoto wako wa ubatizo kafukuzwa mafundisho ya kipaimara.

Jumamosi alitoka uwanjani jasho linamtiririka, akaingia darasani na jezi ya Manchester United. Ile nembo unaijua: kashetani kekundu, mkia, pembe mbili, uma mkononi. Katekista akamwambia huwezi kujiandaa kumpokea Roho Mtakatifu huku umembandika shetani kifuani. Mpaka hapo mimi nipo upande wa katekista. Ila mtoto, na ulimi kaupata wapi wewe unajua, akajibu: "Na wewe mwalimu, mbona unashangilia Mnyama?" Darasa likavunjika mbavu. Mtoto nje.

Maana katekista ni Simba wa kufa na kuzikana. Timu ikija uwanja wa CCM Kirumba, ile sauti yake ya besi unaisikia mpaka Mwaloni: Mnyamaaa! Na Ufunuo sura ya 13 katufundisha mwenyewe, mnyama anatoka baharini, vichwa saba, pembe kumi. Pembe kumi, Baba Kulwa! Wa kwetu ana mbili tu. Mtoto nilimkemea mbele ya mama yake, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kucheka.

Usiku usingizi ukakataa, nikashika simu. Kumbe hilo jina la utani la United, Mashetani Wekundu, wala halikuanzia kwenye soka. Timu ya raga ya Salford, jirani zao hapo hapo, ilizuru Ufaransa mwaka 1934, waandishi wa kule wakaiita hivyo. Miaka ya 1960 kocha wa United, Matt Busby, akalichukua, akiona linatisha wapinzani. Sasa sikiliza hapa: Busby alikuwa Mkatoliki wa kusali kabisa, na mwaka 1972 Papa alimtunuku nishani ya Mtakatifu Gregori. Papa! Hilo nataka katekista alisikie, lakini si kutoka kwangu.

Na ninyi wa Manchester City msijikweze. Klabu yenu ilianzia kanisani, St Mark's, mwaka 1880. Sala mkaziacha njiani.

Tangu hapo masikio yangu yameharibika. Nikikaa kibanda umiza nasikia misa tu. Mtu kakosa goli la wazi: "huyo aombewe." Timu imefungwa tano: "wamesulubiwa." Beki karudisha pasi fupi kwa kipa: "katoa sadaka." Wamarekani nao, kwenye mpira wao ule wa kushika, wana pasi ya Salamu Maria. Ilivuma tarehe 28 Desemba 1975, Roger Staubach wa Dallas alipourusha mpira mbali zikiwa zimebaki sekunde chache, ukadakwa, wakashinda. Akasema alifumba macho akasali Salamu Maria. Na Maradona, 1986, kafunga kwa ngumi, refa Mtunisia kakubali, yeye anasema ni mkono wa Mungu. Huyo ndiye wa kufukuzwa darasani!

Shemeji yako naye akanimaliza. Unajua kakulia Tanga. Kwa majirani zao Waislamu, anasema, kombe ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Kila nikitaja kombe la ligi ananiuliza nani anaumwa.

Lakini naona nimepotea. Shida yangu ni hii: katekista anasema mtoto harudi mpaka msimamizi wake aje. Msimamizi ni wewe. Mimi nikienda nitataja zile pembe kumi, najijua, na mambo yataharibika zaidi. Wewe mliimba naye kwaya, anakuheshimu, na hela yake ya kinanda ulishamrudishia. Au bado? Kama bado, njoo nayo. Mtoto yuko tayari kuomba radhi, jezi mama yake kaificha kwenye debe la unga.

Sasa nijibu. Unaweza kupanda meli ya Nansio Ijumaa, ulale hapa? Utaanza na Busby au na samahani? Tumwambie paroko, au tuyamalize chini kwa chini? Kulwa na Doto wamepona? Na zile dagaa ulizoahidi Pasaka, ni Pasaka ya mwaka gani?

Ndugu yako,
wa Mabatini