Nasaba ya wakulima wa Uskoti: tafuteni parokia kwanza

Bwana Mhariri,

Hapa Katanga Uskoti inakumbukwa kwa wamisionari, kama Frederick Stanley Arnot aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. Lakini katika karne hiyohiyo maelfu ya Waskoti walihamia Kanada, Marekani na New Zealand kulima. Anayefuatilia ukoo wa namna hiyo hukwama mahali pamoja: karatasi nyingi za ng'ambo zinasema "Uskoti" tu, bila parokia.

Basi msivuke bahari mapema. Malizeni kule walikohamia: jiwe la kaburi, rejista ya kanisa, hati ya shamba. Parokia ikijulikana, kazi inafunguka. Kuanzia 1855 serikali iliandikisha vizazi, ndoa na vifo, na cheti cha kifo kilitaja baba, mama, hata jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Hiyo ni hazina! Kabla ya hapo kuna vitabu vya kanisa, vyenye mapengo mengi.

Kinachoharibu zaidi ni majina. Kwa desturi kifungua mimba wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, jambo lisilo geni kwetu. Kwa hiyo babu mwenye wana watano aweza kuwa na wajukuu watano wa jina moja, parokia moja. Msiwatenganishe kwa umri wa sensa ya 1841, kwani kwa watu wazima ulishushwa kwa hatua za miaka mitano: mwenye miaka 39 aliandikwa 35. Shikeni jina la mama na la shamba.

Wapenzi wa nasaba, Lubumbashi