Barua kwa mwanangu: wiki ya ubatizo na uhamisho

Machakos, Jumanne

Mwanangu mpendwa,

Sote hapa nyumbani ni wazima, tunamshukuru Mungu. Habari zako za jana tumezipata: mama mmoja mliyemfundisha nyinyi wamisionari anabatizwa Jumamosi katika Kanisa letu la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, anathibitishwa Jumapili, na Jumanne huenda wewe umehamishwa, uko ndani ya basi unaiaga Arusha. Majuma sita ya zamu hii yameisha upesi. Wiki ya namna hiyo ndiyo inayowapoteza waumini wapya. Mtu anaingia kanisani akiwajua watu wawili tu, wewe na mmisionari mwenza wako, na siku ya tatu mmoja wenu hayupo. Kwa hiyo kila unachokigusa kuanzia leo, mtafutie mtu wa tawi, yaani wa usharika wa hapo, wa kukishika pamoja nawe.

Anza na ndoa. Mambo yake ya ndani usiniandikie, hayanihusu, ila wewe uyajue mapema. Kama anaishi na mwanamume bila ndoa ya halali, hakuna ubatizo Jumamosi. Tanzania, ndoa ya bomani inatanguliwa na notisi ya siku 21, kwa hiyo jambo hili halitengenezeki Ijumaa jioni. Watu watakuambia wamekaa pamoja zaidi ya miaka miwili na sheria inawatambua. Hiyo ni dhana tu ya ndoa inayosaidia mahakamani, cheti hawana. Na kama ana mume wa ndoa, mume aridhie. Msikae kimya mkitumaini halitaulizwa kwenye mahojiano. Litaulizwa.

Mahojiano yenyewe si kazi yako uliyemfundisha, ni ya kiongozi wa wilaya, mmisionari mwenzenu anayewasimamia. Mwombeni afike Jumatano au Alhamisi. Wengi huyaweka Jumamosi asubuhi, saa moja kabla ya ibada. Likizuka jambo linalopaswa kwenda kwa rais wa misheni, mkuu wenu wamisionari wote, mama wa watu anarudishwa nyumbani mbele ya wageni aliowaalika mwenyewe. Siku hiyohiyo jazeni fomu. Andikeni majina yake yote kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA. Mtaani anajulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na ukiandika hilo karani wa tawi atahangaika na kumbukumbu zake miezi mingi baada ya wewe kuondoka.

Sasa maji, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoaibika. Pimeni kisima cha ubatizo kwa futi kamba. Kikiwa mita 3 kwa 2, na maji yakafika kina cha mita 1, hizo ni lita 6,000. Weka ndoo ya lita 20 chini ya bomba utazame saa. Ikijaa kwa dakika moja, kisima kitajaa kwa saa 5. Ikichukua dakika mbili, ni saa 10, na hapo ni heri kuagiza boza kuliko kuacha bomba likimwaga usiku kucha. Kuanzia maji yanapoanza kuingia hadi yanapokwisha kutolewa lazima mtu mzima awepo. Mtoto mdogo hahitaji maji mengi ili azame. Nyinyi saa 4:30 usiku mnatakiwa kuwa mmelala, kwa hiyo zamu hiyo waombeni ndugu wa tawi. Habari ya kuchemsha masufuria ili kupunguza baridi, achaneni nayo. Lita 100 za maji yanayotokota hazipandishi joto la lita 6,000 hata kwa nyuzi 2. Mtakuwa mmemaliza gesi bure.

Nguo nyeupe ziwe za kitambaa kizito, maana nyepesi ikilowa inaonyesha mwili. Gauni pana huelea, kwa hiyo pindo libanwe au avae suruali nyeupe ndani. Taulo mbili, kanga mbili, na mama mmoja wa tawi wa kumpokea akitoka majini, si nyinyi.

Anayebatiza si lazima awe wewe. Ningependa awe ndugu wa tawi mwenye ukuhani, ambaye mwaka ujao atakuwa bado anakaa kwenye benchi la mbele yake. Mfanye mazoezi pakavu kwanza. Mkono wa kushoto wa mbatizaji unashika kifundo cha mkono wa kulia wa mama. Mama naye anashika kifundo cha kushoto cha mbatizaji kwa mkono wake wa kushoto. Mbatizaji anainua mkono wa kulia, kiwiko kimekunjwa, anataja jina kamili la mama na kusema sala iliyo katika kitabu chetu cha Mafundisho na Maagano 20:73 neno kwa neno. Baada ya amina, mama anaziba pua kwa mkono wa kulia, mbatizaji anaweka wa kwake juu mgongoni, anamlaza. Mwambieni akunje magoti. Akijikaza kama mti, vidole vya miguu vinaibuka, na mashahidi wawili wakiona hata ncha ya msuko juu ya maji, yote yanarudiwa pamoja na sala. Tangu 2019 shahidi anaweza kuwa muumini yeyote aliyebatizwa, mwanamke au hata mtoto, kwa hiyo mmoja awe jirani yake.

Kuhusu chai, ambayo kanisani kwetu hatuinywi, kama pombe. Mkienda kumtembelea Jumapili baada ya uthibitisho, nyumba itakuwa imejaa ndugu zake, na birika liko jikoni. Semeni mapema, kabla halijainjikwa, kwamba mtafurahia maziwa ya moto, uji au mchaichai. Mkingoja hadi vikombe vimejaa, mmemfedhehesha. Chai ya tangawizi mara nyingi ina majani ndani, ulizeni. Yeye ana mtihani mkubwa kuliko wenu: siku ya harusi au msiba mbege, pombe ya ndizi, italetwa, na atakayeikataa pale mbele ya wajomba ni yeye peke yake. Akae karibu na muumini wa ukoo kama wake, aliyekwisha kupita hapo. Wewe Mkamba huwezi kumfundisha hilo. Na shikamoo zako usizisahau. Kibandiko kifuani kinakuita Mzee, wazee wenyewe hawakijali.

Kukabidhi eneo fanya Jumatatu asubuhi, kabla ya kufua na kwenda sokoni. Kwenye programu ya simu ya Hubiri Injili Yangu, mnamoweka kumbukumbu za mnaowafundisha, usiandike tu “anakaa Sakina”. Andika kituo cha daladala, mashine ya kusaga, geti la rangi gani, ana nafasi saa ngapi, amefundishwa nini, na nani wa tawi alikuwepo. Mpitishe mwenza wako kwenye kila nyumba na umwache yeye azungumze. Muombe rais wa tawi ampe huyu mama jukumu dogo ndani ya mwezi huu, na amhoji apate kibali cha kubatizwa hekaluni kwa niaba ya wafu wake. Hekalu la Nairobi limewekwa wakfu Mei 2025, na kwa njia ya Namanga si mbali. Tawi likisafiri, naye awe kwenye orodha.

Nyumba iacheni safi, friji imeyeyushwa barafu, LUKU ya umeme ina uniti, risiti za maji ziko mezani. Ukipelekwa Dar, sweta nene mwachie anayekuja, kule hutaihitaji.

Jumatatu piga simu kabla ya saa 12 jioni, baba yako atakuwa amerudi kutoka shambani.

Mama yako